Gisenyi: Soko lahamia kwenye simu, hasara yabaki mpakani

RUBAVU – Kwa miaka mingi mfanyabiashara mdogo wa Gisenyi alikuwa akivuka kwenda Goma na mzigo kichwani bila kujua atamwuzia nani. Alipatana bei akiwa amesimama mbele ya mteja, akapokea fedha mkononi, akarudi nyumbani kabla mpaka haujafungwa. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo inamalizika alfajiri. Picha ya nyanya imetumwa, bei imetajwa kwa ujumbe wa sauti, mteja amejibu, na mwenye mzigo anavuka akiwa na majina ya wanunuzi kwenye simu.

Wengi wamelipokea badiliko hili kama neema, na kwa kiasi kikubwa ni neema kweli. Hata hivyo, ukiufuata mzigo hatua kwa hatua linaonekana jambo jingine. Simu imeyaondoa mapatano mpakani, lakini ushuru, saa za kufunga, tofauti ya fedha na sheria za bidhaa vimebaki palepale. Vinamngoja yule anayebeba mzigo, na sasa vinamkuta akiwa ameshatoa ahadi.

Swali kwa wafanyabiashara na wasafirishaji wa ukanda huu ni hili: mapatano yakifanyika kwenye simu na mzigo ukakwama njiani, hasara ni ya nani?

Miji miwili iliyogusana

Gisenyi, makao ya wilaya ya Rubavu, na Goma, makao makuu ya jimbo la Kivu Kaskazini, ni miji iliyoshikana. Mtu hutoka soko la upande mmoja akafika la upande wa pili kwa miguu. Kivuko cha Petite Barrière, ambacho ndicho cha wapita kwa miguu, kimekuwa kikitajwa miongoni mwa vivuko vyenye watu wengi zaidi barani Afrika. Kabla ya ugonjwa wa corona mwaka 2020, hesabu zilizokuwa zikitolewa zilifika watu 50,000 kwa siku. Magari na malori hutumia zaidi kivuko cha La Corniche, kiitwacho pia Grande Barrière, kando ya Ziwa Kivu.

Kutoka Rwanda hupita viazi, nyanya, vitunguu, karoti, kabichi, maharage, maziwa, mayai na nyama. Kutoka Goma huja vitenge, nguo, viatu, vipodozi na mafuta ya mawese. Wengi wa wanaofanya biashara hii ndogo ndogo ni wanawake, na mtaji wao mara nyingi ni ule unaozunguka kutwa moja.

Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Bunge la Rwanda lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini katika soko la Gisenyi kilikuwa kikifanya kazi siku nyingi kabla ya hapo. Hilo limesaidia sana biashara ya simu. WhatsApp ilipoanzisha ujumbe wa sauti mwaka 2013, mama asiye na mazoea ya kuandika alipata njia ya kutaja bei na kujibu mteja kwa lugha ile ile anayoitumia mezani pake sokoni. Mwaka 2017 ikaja sehemu ya Status, ambayo picha yake hufutika baada ya saa 24, muda unaolingana na biashara ya mboga. Mwaka 2018 ikafuata WhatsApp Business, inayomruhusu muuzaji kupanga orodha ya bidhaa na bei kama duka.

Mteja naye amebadilika

Mabadiliko makubwa zaidi yako upande wa mnunuzi. Mwenye mgahawa wa Goma aliyezoea kwenda sokoni asubuhi sasa anaweza kusikiliza bei za wauzaji watatu akiwa bado nyumbani. Anauliza mzigo umetoka wapi, umevunwa lini, na utamfikia saa ngapi. Akiridhika, anataka uletwe hadi mlangoni. Yule aliyemtumia picha ya kweli jana ndiye atakayempigia leo.

Upande wa Rwanda nako hali ni hiyo hiyo kwa bidhaa zinazotoka Goma. Kitenge kinapigwa picha dukani Goma. Picha inachukuliwa na dalali wa Gisenyi, kisha na mwenzake wa Kigali, umbali wa kilomita 150 hivi. Kila mmoja anaongeza chake juu ya bei na kukitangaza kana kwamba kiko kabatini mwake. Mteja wa mwisho hamjui mwenye mali, na mwenye mali hamjui mteja. Ni uchuuzi usiohitaji mtaji wa kununua kwanza, na vijana wengi wamepata riziki humo.

Matokeo yake ni mawili. La kwanza, bei imekuwa wazi. Zamani tofauti ya bei kati ya pande mbili za mpaka ilikuwa siri ya anayevuka, na siri hiyo ndiyo iliyokuwa faida yake. Sasa mnunuzi wa Goma anaweza kujua bei ya viazi Gisenyi kabla muuzaji hajafika kwenye foleni. Faida kwa kila kilo imepungua, na anayepona ni mwenye haraka na mwenye kuaminika.

La pili linawahusu wasafirishaji moja kwa moja. Badala ya mzigo mmoja wa mtu mmoja, wanapewa vifurushi vingi vya watu wengi, kila kimoja na anwani yake. Jambo hili tutaliona mbele kidogo.

Picha haijawa mali

Anayeagiza kwa simu hajagusa mzigo, wala hajatoa fedha. Kwa vitenge au viatu hilo linavumilika, kwani mteja akikataa, mali inarudi na kuuzwa siku nyingine. Kwa nyanya na maziwa haivumiliki hata kidogo.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara ana mtaji wa franka 100,000 za Rwanda na anapata faida ya franka 10,000 kila safari. Safari kumi zikienda sawa, ana faida ya franka 100,000. Sasa tuseme safari moja kati ya hizo kumi mteja anakataa mzigo akidai hauko kama ulivyoonekana kwenye picha, na mwenye mali analazimika kuuuza kwa nusu ya alichonunulia. Amepoteza 50,000. Safari tisa nzuri zilimpa 90,000, kwa hiyo kwa safari zote kumi anabaki na 40,000. Mteja mmoja aliyegeuka amekula faida ya safari tano.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini wafanyabiashara wazoefu wanasisitiza arubuni kabla ya kupakia. Arubuni inayotosha kufidia kushuka kwa bei ya mzigo uliokataliwa ni kinga ya kweli. Arubuni ya jina tu, ya kuonyesha nia njema, haimsaidii mtu nyanya zikianza kulainika.

Mwenye kuuza naye ana wajibu wake. Picha ya mzigo wa wiki iliyopita, au picha iliyochukuliwa kwa mtu mwingine, inaleta oda moja na kufukuza kumi. Wauzaji wanaodumu ni wale wanaopiga picha mzigo wa siku hiyo hiyo, ukiwa kwenye mizani, na kueleza kwa sauti kasoro zilizopo kabla mnunuzi hajaziona mwenyewe.

Fedha tatu, laini mbili

Katika miji hii miwili zinatumika fedha tatu: franka ya Rwanda, franka ya Kongo na dola ya Marekani. Mezani sokoni mapatano na malipo yalikuwa yakifanyika kwa dakika moja, kwa hiyo kupanda na kushuka kwa fedha hakukuwa na nafasi ya kuumiza mtu. Kwenye simu kuna siku moja au mbili kati ya kutaja bei na kulipwa.

Turudi kwa mfanyabiashara yule wa franka 100,000. Akikubali bei kwa franka za Kongo, na fedha hiyo ikashuka kwa asilimia 3 kabla hajalipwa, amepoteza takriban franka 3,000 kati ya faida yake ya 10,000. Ni karibu theluthi moja, na hakuna mtu aliyemwibia. Ndiyo maana ujumbe wa bei usiotaja ni fedha gani na kwa kiwango cha siku gani huwa mwanzo wa ugomvi.

Malipo ya simu yamerahisisha mambo, lakini hayakuondoa mpaka. Rwanda kuna MTN MoMo na Airtel Money, na Kongo kuna M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Akaunti za simu za Kongo huweza kuwekwa kwa franka au kwa dola, wakati za Rwanda zinahesabu kwa franka za Rwanda. Wafanyabiashara wengi hubeba laini za nchi zote mbili, na mwisho wa safari humhitaji wakala au mbadilishaji fedha. Makato ya hapo nayo ni sehemu ya bei, ingawa kwenye tangazo hayaonekani.

Umuhimu wa njia hizi ulijitokeza wazi mara mbili. Machi 2020, Benki Kuu ya Rwanda ilipotangaza kuondolewa kwa muda kwa makato ya kutumiana fedha kwa simu, wengi waliokuwa wakishika noti walihamia huko. Mara ya pili ilikuwa mwaka 2025. Goma ilipoingia mikononi mwa kundi la M23 mwishoni mwa Januari mwaka huo, mabenki ya mji huo yalifunga milango na noti zikaadimika. Wakazi wengi walivuka hadi Gisenyi kutafuta fedha zao, na mawakala wakapandisha malipo yao. Aliyeuza kwa bei ya zamani bila kufikiria gharama ya kuzitoa fedha alifanya kazi ya bure.

Tangazo halitaji ushuru

Hatari nyingine iko kwenye bidhaa zenyewe. Picha iliyopigwa Goma inaonyesha bei ya Goma. Haionyeshi kitakachotokea mzigo ukifika forodha ya Rwanda.

Nguo za mitumba ni mfano mzuri. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Kwa robota la kilo 45, ushuru ulitoka dola 9 hadi dola 112.50. Marekani ilijibu kwa kusimamisha mwaka 2018 nafuu ya AGOA kwa nguo zinazotoka Rwanda, lakini Kigali haikurudi nyuma. Mtu anayeona robota la bei nafuu kwenye simu akidhani amepata bahati, anaweza kujikuta akitafutiwa njia ya magendo na dalali ambaye jina lake halisi halijui. Wakikamatwa, anayeshikwa na mali ni mbebaji.

Vipodozi vya kung'arisha ngozi vinaonyesha upande mwingine, jinsi mtandao wenyewe unavyoweza kugeuza soko. Novemba 2018 mtumiaji mmoja wa Twitter alilalamikia kuenea kwa krimu hizo nchini Rwanda. Rais Paul Kagame alijibu hapo hapo mtandaoni kwamba ni hatari kwa afya, na kwamba Wizara ya Afya na polisi wanapaswa kuchukua hatua haraka. Misako ikafuata madukani na masokoni nchini kote, na bidhaa zenye zebaki na haidrokwinoni zikakusanywa. Mfanyabiashara aliyekuwa na shehena ya krimu hizo alipata hasara iliyoanzia kwenye ujumbe mfupi mmoja.

Hata ufungashaji una habari yake. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na sheria ya mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vinavyotumika mara moja. Bidhaa iliyopigwa picha ikimeremeta ndani ya mfuko huo upande wa Goma hailazimiki kuvuka ikiwa vile vile.

Kwa upande wa risiti, Rwanda ilianza kutumia mashine za kielektroniki za ankara mwaka 2013, na mwaka 2024 ikaanza kumrudishia mnunuzi wa kawaida asilimia 10 ya kodi ya ongezeko la thamani iliyomo kwenye risiti aliyoidai. Maana yake ni kwamba mteja wa Gisenyi au Kigali sasa ana sababu ya kuuliza risiti hata kwa anayemwuzia kwa simu. Muuzaji asiye nayo ataanza kuonekana wa mashaka.

Mpaka unapofungwa

Ukanda huu umeona mpaka ukifungwa au kubanwa mara kadhaa. Agosti 1, 2019 Rwanda ilifunga kwa saa chache kutokana na Ebola baada ya wagonjwa kuonekana Goma. Machi 2020 corona ilizuia watu kuvuka, huku mizigo ikiruhusiwa. Juni 17, 2022 askari wa Kongo aliyevuka Petite Barrière akifyatua risasi aliuawa upande wa Rwanda, na baada ya hapo mamlaka za Kongo zikapunguza saa, mpaka ukawa unafungwa saa 9 alasiri. Januari 2025 mapigano ya Goma yalileta risasi na makombora hadi Rubavu, na watu wakapoteza maisha.

Mwaka 2020 ndio uliotoa somo kubwa zaidi. Wachuuzi waliozuiwa kuvuka kwa miguu walilazimika kuunganisha mizigo yao na kuipeleka kwa malori. Aliyekuwa na namba za wateja wake aliweza kuendelea kuuza bila mwili wake kuvuka. Aliyekuwa akitegemea mpita njia alikaa nyumbani, na mtaji ukaliwa. Kwa maana hiyo orodha ya wateja kwenye simu ilikuwa akiba kama fedha taslimu.

Lakini simu hiyo hiyo hueneza uvumi. Ujumbe kwamba mpaka utafungwa kesho unatosha kuwafanya wanunuzi wa Goma wakusanye chakula na wauzaji wa Gisenyi wakimbize mizigo, bei ikapanda asubuhi na kuanguka jioni. WhatsApp ilipunguza Januari 2019 idadi ya wanaoweza kutumiwa ujumbe wa kusambazwa kwa mara moja hadi watano, lakini kundi moja la wafanyabiashara linaweza kuwa na mamia ya watu. Kabla ya kupakia au kushusha kwa sababu ya ujumbe, ni busara kumpigia mtu aliyeko mpakani wakati huo huo.

Lori moja, wenye mali wengi

Mtindo wa kuunganisha mizigo haukupotea na corona, kwani oda za simu zimeupa nguvu mpya. Kwa mwenye gari ni kazi nzuri, lakini ina mtego.

Mfumo wa Biashara Rahisi wa COMESA unampa mfanyabiashara mdogo nafuu kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, mradi thamani ya mzigo isizidi kiwango kilichowekwa na bidhaa itoke nchi wanachama. Mzigo wa watu ishirini ukiletwa kwa jina la mtu mmoja unaweza kuivuka thamani hiyo na kuipoteza nafuu yote. Ukiletwa kwa majina ishirini, unahitaji karatasi ishirini zilizo sawa. Na mmoja akificha krimu zilizokatazwa katikati ya vitenge, lori zima linasimama, pamoja na maziwa na mboga za wenzake.

Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 11, 2022, na wengi walitarajia vikwazo vitayeyuka. Uanachama ni jambo moja, na dereva aliyesimama mbele ya ofisa wa forodha na ankara ya kwenye simu ni jambo jingine. Picha ya skrini si stakabadhi.

Watu wenye ulemavu wa Gisenyi na Goma, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakivusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, wanaonyesha njia moja. Wao hufanya kazi kwa vyama, mwenye mali anajulikana, na mbebaji ana wenzake wa kumtetea. Oda ya simu kati ya watu wasiojuana inakosa yote mawili.

Kibanda cha kuazima

Kuna hatari moja ya mwisho ambayo husahaulika. Soko la simu si mali ya wafanyabiashara. Oktoba 4, 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika duniani kote kwa saa sita hivi. Kongo nayo ilikatiwa intaneti kuanzia Desemba 31, 2018 baada ya uchaguzi, na ilikaa gizani kwa takriban siku 20. Aliyekuwa na namba za wateja kwenye daftari aliendelea kupiga simu za kawaida. Aliyekuwa na makundi tu alifunga duka.

Hasara ni ya nani?

Kwa hali ilivyo, jibu la swali la mwanzo ni kwamba hasara humwangukia aliyeshika mzigo: mama aliyenunua kwa mtaji wake au dereva aliyekubali kubeba. Mnunuzi hajatoa kitu, na dalali aliyesambaza picha hakuwa na mali. Hakuna kanuni ya simu iliyosema iwe hivyo. Imekuwa hivyo kwa sababu mapatano ya haraka hayakutaja jambo hilo.

Dawa yake si ngeni, na vyama vya wafanyabiashara vya pande zote mbili vinaweza kuifanya desturi. Kila oda itaje fedha itakayotumika na kiwango cha siku gani. Itaje arubuni na nani anairudisha mpaka ukifungwa. Itaje nani analipa ushuru, na nani anabeba gharama mteja akikataa mzigo uliofika kama ulivyoelezwa. Msafirishaji naye adai jina la mwenye kila kifurushi na kilichomo kabla ya kufunga turubai.

Maneno hayo yanatosha kwenye ujumbe wa sauti wa nusu dakika. Yakisemwa kabla ya kupakia, hasara itagawanywa kwa makubaliano. Yasiposemwa, itaamuliwa kwenye foleni ya Petite Barrière saa zikiwa zimekwisha, na hapo mwenye nyanya ndiye mwenye haraka kuliko wote.